Wafalme wa Uingereza Kwenye Njia ya Kadutu

Jikoni kwa Maman, huko Nyalukemba mjini Bukavu, kuna kibao cha mti kinachonuka moshi, mawese na bugali ulioungua. Kila nikikishika, pua yangu inakumbuka harufu nyingine, ya jasho la shingo za watoto na kamba ya katani iliyolowa mvua. Nilikivaa kibao hicho karibu mwaka mzima nilipokuwa darasa la tano. Shuleni kwetu, mtoto aliyesikika akisema Kiswahili au Mashi alivikwa shingoni, akakaa nacho mpaka amnase mwenzake, na aliyelala nacho ndiye aliyefagia darasa asubuhi. Ukishaingia mlangoni, ni Kifaransa tu. Mimi nilikuwa na mdomo mwepesi. Nyumbani tulisema Kiswahili, na Bibi alipokuja kutoka Walungu na vikapu vyake tulisema Mashi, kwa hiyo kibao kilinipenda kuliko watoto wote. Mwishowe nikajitafutia dawa, nikaacha kusema kabisa.

Ukimya huo ulianzia shuleni, lakini haukukaa huko. Ulinifuata mezani, kanisani, hata kitandani nilikolala na wadogo zangu. Madame, mwalimu wetu, alimwita Papa akamweleza kwamba mtihani wa mwisho ulikuwa wa kusimama mbele na kusimulia hadithi kwa Kifaransa, na kwamba asiyefungua mdomo angerudia darasa. Papa hakunikaripia. Alikuwa karani kwa mfanyabiashara wa kahawa, mtu wa miwani mizito na mizaha mingi, na alikuwa na ugonjwa mmoja tu: wafalme wa kale wa Uingereza. Aliwapata sokoni Kadutu, katika kitabu cha Kifaransa kisicho na jalada, chenye picha za ngome, makaburi ya mawe na farasi waliovikwa nguo. Maman alilalamika kwamba, kama ni kupenda wafalme, angependa wa Kabare au wa Ngweshe, angalau tungealikwa mahali. Papa alijibu kwamba wale wa kwetu wana watu wa kutosha wa kuwakumbuka.

Basi mwanzo wa kiangazi, vumbi likiwa limeanza kukaa juu ya majani ya migomba na ukungu ukifunika ziwa hadi saa nne, Papa alianza kunitembeza kila Jumapili baada ya misa. Uingereza hatukuwa na njia ya kuifikia, kwa hiyo aliigawa juu ya Bukavu. Ngome aliiweka kwenye rasi, mahali nyumba za matajiri zinapoingia majini. Mto Ruzizi ukawa bahari aliyoivuka William na mashua zake kutoka Ufaransa, kuja kumnyang'anya Mfalme Harold Uingereza. Uwanja ambako Mfalme John alilazimishwa na wakubwa wake kutia muhuri hati ya haki ulikuwa pale kwenye majani kando ya ziwa, wanawake wanapoanika nguo. Mpaka leo siwezi kumfikiria John bila kumwona amesimama katikati ya mashuka, amenuna, na maji yanamdondokea kichwani. Niliwapenda wafalme hao kwa sababu hawakunidai neno lolote.

Kilima cha Harold, alipopigana na William, kilikuwa njia ya kupanda Kadutu. Papa alisimama juu na mwavuli wake kama ngao, akawa jeshi lote la Harold, lililopigana kwa miguu. Mimi nikawa farasi wa William. Nilipanda mbio, nikateleza, nikarudi, nikapanda tena, na mama mmoja mwenye gunia la makaa mgongoni akasimama kumwuliza Papa kama alikuwa mzima. Mara ya mwisho nilijifanya ninakimbia kurudi chini, Papa akashuka kunifuata, nikageuka nikamkumbatia miguu. Alisema hivyo ndivyo watu wa Harold walivyopotea, waliacha mstari wao wakidhani wameshinda. Tulikaa kwenye jiwe kupumua. Hapo akaniambia kwamba William alikuja na Kifaransa chake, na kwamba baada yake, kwa muda mrefu sana, wafalme wa Uingereza walizungumza Kifaransa barazani. Hata Richard, yule waliyemwita Moyo wa Simba, alikaa kidogo tu katika nchi aliyoitawala, na amezikwa Ufaransa. Wakulima waliendelea na lugha yao mashambani.

Tangu asubuhi nilikuwa sijasema kitu. Nikamwuliza, "Papa, nani alikuwa anavaaka kibao?"

Alivua miwani, akaifuta polepole. "Bakulima bote."

"Na luga yabo ilikufa?"

"Ile luga njo dunia yote inatafuta leo."

Nilicheka mpaka nikashika tumbo. Ilikuwa furaha ya kulipiza kisasi, sitaificha. Tulirudi nyumbani nikiongea njia nzima, na Maman alisema sasa nimezidi.

Siku ya mtihani nilisimama mbele, nikasimulia vita vya Harold na William kwa Kifaransa, kutoka ng'ambo ya bahari hadi juu ya kilima. Nilipomaliza, Madame akauliza kilima hicho kilifananaje, na mimi, bado nikiwa na farasi kichwani, nikamjibu, "Iko kama kule tunapandaka Kadutu." Watoto wakaangua kicheko. Madame alikichukua kibao mezani, kwa kuwa sheria ni sheria, nami nikainamisha shingo mwenyewe kabla hajanifikia. Nilifaulu. Na kwa kuwa ilikuwa siku ya mwisho ya shule, hapakuwa na mtu wa kumpasia kibao, kikabaki kwangu. Nilipokivua nyumbani mezani, Maman alikitazama pande zote mbili, akakata kamba, akaweka juu yake sufuria ya bugali.

Siku hizi shule yetu haina kibao. Wapwa zangu wanakwenda jioni kujifunza Kiingereza, na mdogo wao humjibu Maman, bibi yake, kwa Kifaransa bila mtu kumlazimisha, jambo linaloniuma kuliko nilivyoumwa na ile kamba. Mwaka jana kazi ilinipeleka Uingereza kwa mafunzo, nikatumia Jumapili yangu ya pekee kwenda kilima cha Harold. Ni mteremko wa majani tu, na kondoo, na magofu ya abasia waliyoijenga pale alipoanguka. Nilimpigia Papa simu. Amezeeka, hatoki sana, na macho yamemwacha, kitabu chake sasa anakishika tu. Aliniuliza kama kilima ni kirefu. Nikamwambia cha kwetu kinakishinda mbali, akafurahi kama aliyekijenga mwenyewe. Karibu nami familia moja ilikuwa ikiwaita watoto wao waje kula.

"Banasema luga gani kule?" akauliza, kana kwamba hajui.

"Ya bakulima, Papa."