Homa ya Ruweida

"Umeniua, Mwanaesha! Wiki tatu zote, leo waja kuniua! Mtu huingiaje nyumba ya watu bila hodi?"

"Hodi nimepiga tatu," Mwanaesha akajibu mlangoni, bakuli mkononi. "Nikasema mgonjwa hawezi kuinuka. Nimekuletea uji wa pilipili manga."

Hapo ndipo Ruweida alipokumbuka kwamba ana homa.

Mshona kofia mzima wa Kibokoni, mama wa miaka arubaini na tano, amekaa sakafuni, leso kaifunga kiunoni kama aendaye kutwanga, rimoti ya gemu mikononi, jasho linamtiririka. Kwenye televisheni shujaa wake wa upanga kalala kifudifudi. Gemu lilikuwa la nduguye Zakariya, aliyelikimbia kwa ugumu wake. Ruweida alikuwa amelimaliza mara mbili. Medali arubaini, thelathini na tisa kazitia mkononi. Iliyobaki ni ya kulimaliza bila kufa hata mara moja. Ukifa, waanza upya. Na siku hiyo alikuwa amebakiwa na jitu moja tu, la mwisho.

Ndiyo maana asubuhi akamtumia Mwanaesha ujumbe: mwili unachemka, siwezi kuja.

Kuja wapi? Kwenye hitima ya marehemu mamake Mwanaesha, nyumba ya tatu kutoka hapo. Na kazi ya shughuli hailipwi kwa pesa, hulipwa kwa kazi ya mkono. Kwenye harusi ya bintiye Ruweida, Mwanaesha alikaanga mahamri siku tatu. Mafuta yakamrukia, na kovu analo mpaka leo, kwenye mkono ule ule ulioshika bakuli.

Ruweida alipoliona lile kovu, akaiweka rimoti chini. Mwanaesha akautua uji, akaitazama televisheni, akamtazama yeye.

"Unywe ungali moto," akasema, akarudi kwenye moshi wa shughuli yake.

Afadhali angemsuta! Ruweida aliunywa wote, ukimshuka kama mchanga. Kisha akazima mashine, akavaa buibui, akaenda. Lakini kwa kusitasita kwake mlangoni saa mbili nzima alikuta hitima ishasomwa, chakula kishaliwa. Uani wamebaki wanawake watatu, Mwanaesha mmojawapo, na masufuria matano makubwa, ukoko umeganda chini.

"Eh, Bi Ruweida! Homa imengoja biriani liishe ndiyo ishuke?" Ummukulthum, mmoja wao, akamrushia; ulimi wake hauna mlango. Wa pembeni yake akacheka.

Ruweida akajishughulisha kuvua buibui.

"Ilikuwa kali," Mwanaesha akadakia. "Nimemwona kwa macho yangu. Karowa jasho chapachapa."

Kicheko kikazimika. Haya zikamwingia Ruweida mpaka mifupani. Kusitiriwa na uliyemkosea kwauma kuliko kusutwa. Akachukua makumbi ya nazi na jivu, akachutama, akasugua. Sufuria la kwanza, la pili, kucha zikavunjika, la tatu. Wenzao wakaaga, wakaenda zao. Alipomaliza la nne akasema, macho chini:

"Shoga yangu, nilikudanganya. Niwie radhi."

Mwanaesha akamgeukia.

"Ulikuwa umebakisha nini?"

"Jitu moja."

"Moja tu?"

"Moja."

"Masikini," akasema, akacheka puani. Akalivuta sufuria la tano upande wake, akakunja mikono ya dera, kovu likaonekana.

"Hili langu. Yako yamekwisha."