Kitenge Kilichopotea Mabwerebwere

Nyie vijana mtakaosoma haya, mimi shule niliishia darasa la nne. Msinitafutie maneno makubwa.

Mjukuu wangu yuko chuo kikuu, anasoma masomo mawili kwa pamoja: elimu ya uhalifu na saikolojia. Aliponiambia nilimuuliza, "Yaani unasomea wezi?"

"Na vichwa vyao, Bibi."

"Ungesomea uuguzi ukanipima presha."

Likizo hii alitoka fildi, yale mafunzo yao ya kazi, huko Mikumi, akaja hapa Mabwerebwere. Akanipa shikamoo yake, akakaa na mama yake kuchambua mchele. Mama yake ni mke wa mwanangu, kwao Kidete, tunaishi naye.

Siku ya pili kisu changu cha mboga kikapotea. Kwangu kitu kikipotea, chakula kinafunikwa, wote tunakaa mkekani, na hakuna anayekula mpaka aliyechukua aseme. Ndivyo mama yangu alivyotulea. Nikaepua wali, nikafunika.

Mjukuu akauliza, "Bibi, njia hii ilishawahi kumpata mwizi?"

"Mara moja. Muulize mama yako."

Mkwe wangu akainamia ungo. Kabla mjukuu hajazaliwa, kitenge changu cha harusi kilipotea. Tulikaa mkekani toka asubuhi, naye ana mimba. Jua linataka kuzama akasema, "Nimechukua mimi, mama." Nikampakulia. Toka siku ile majirani wakamwita Mkono Mrefu, na sikuwakataza.

"Chuoni tunafundishwa," mjukuu akasema, "mtu akibanwa sana anakiri hata asilolifanya. Mama, ulikichukua?"

"Nilitaka kula, mwanangu. Ulikuwa unanipiga mateke."

Sasa niseme. Kitenge kile nilikiona mwenyewe msimu wa kupanda uliofuata, ndani ya gunia la mbegu za mpunga. Nilikificha humo mto ulipojaa, nikasahau. Nikakirudisha sandukuni, nikanyamaza. Niliona haya kumwomba radhi mtoto aliyeolewa na mwanangu, na haya ile ikazeeka nami.

Nikainuka, nikaenda chumbani, nikakileta, nikakiweka mapajani mwake. "Hukuchukua. Nilikikuta kwenye mbegu. Nisamehe."

Alikikunjua taratibu, akakitazama pande zote.

"Kumbe Mkono Mrefu ni wewe, mama," akasema, akakifunga kiunoni. Mjukuu akashindwa kujizuia, akacheka, na mimi nikacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kutaniwa na mkwe wangu, na nilistahili. Kisu tulikikuta baadaye kwenye maganda ya viazi, nilikitupa mwenyewe.

Habari za uuguzi sizitaji tena. Asomee wezi wake amalize.

Lakini siku ile, kabla sijafunua sufuria, niliwaambia wote waliokuwa mkekani: "Jumapili mama huyu anakivaa kitenge hiki kanisani, natembea naye, na kila jirani nitamwambia kwa kinywa changu. Na kuanzia leo kitu kikipotea humu ndani, kwanza tunakula, kuulizana baadaye. Pakueni."