Kioo Kilichotazama Paa

Shemeji yangu alipokuja kutuchukua nyumbani Naviundu, hapa Lubumbashi, kitu cha kwanza nilichokiona ni kioo. Kile kioo kidogo cha ndani, ambacho dereva hutazamia yaliyo nyuma yake, kilikuwa kimegeuzwa juu, kinatazama paa la gari. Mama alikuwa anakwenda kukaa nyuma, na shemeji hakutaka macho yake yakutane na ya mama mkwe wake, hata kwa bahati mbaya, hata ndani ya kioo. Hilo nililielewa. Nililolishuku ni lingine: hakunitania.

Tangu amwoe yaya, dada yangu mkubwa, hajawahi kunisalimu kama watu wengine. "Bibi yangu mudogo," alikuwa akisema, "umenenepa hivi, ni bwana gani anakulisha?" Nami nilikuwa nikimjibu vibaya, naye akicheka mpaka majirani wanatoka nje. Siku ile alisema "Bonjour" tu. Akapakia mizigo, akapangusa vishikio vya milango kwa dawa, akavuta barakoa mpaka chini ya macho.

Tulikuwa tunakwenda Kitwe, upande wa Zambia. Yaya alikuwa na mimba yake ya kwanza, na siku zilikuwa zimekaribia. Kwetu mtoto wa kwanza hapokelewi bila mama wa mama yake kuwapo. Lakini kwa miezi mpaka ulikuwa umefungwa kwa watu, malori tu ndiyo yaliyopita. Halafu ukafunguliwa nusu: mwenye kibali cha kuishi kule aliweza kurudi na watu wa nyumba yake, wakiwa na cheti cha kipimo ambacho hakijazeeka. Shemeji anatengeneza malori huko miaka mingi, kibali anacho. Alikuwa amekuja Lubumbashi kutafuta vipuri, akasema atarudi na mama, na mimi nimsindikize.

Nilijiuliza: ni mwanamume gani anamwacha mke mwenye tumbo la kuzaa leo au kesho, akaja kutafuta vipuri? Simu ya yaya ilikuwa haiiti tangu Jumapili. "Ilianguka mu maji," shemeji alisema. Na ya jirani? "Voisine haina unité ya kupigia." Kila swali lilikuwa na jibu lake tayari, na mimi majibu yaliyo tayari siyaamini.

Kuna jambo jingine. Kwetu habari mbaya haisemwi kwa simu. Babu alipofariki kule kaskazini, baba, ambaye siku hizo alikuwa bado hai, aliambiwa tu kwamba mzee anamwulizia. Akanunua vidonge vya kifua, akasafiri navyo mfukoni, akafika akakuta viti vimepangwa uani na wanawake wamekaa chini. Tangu hapo, mtu akiniambia "kuja tu", natafuta viti.

Kwa hiyo swali langu barabarani lilikuwa moja: yaya yu hai? Aliyejua alikuwa ameshika usukani, na aliyekuwa na haki ya kwanza ya kumwuliza hakuruhusiwa kusema naye. Mazungumzo yote yalipitia kwangu.

"Muulize kama banamupikia muzuri," mama alisema kutoka nyuma.

"Mama anauliza kama banamupikia muzuri."

"Umwambie mama, banamupikia."

Walikuwa wanasikiana vizuri kabisa. Mimi nilikuwa ukuta wenye mdomo. Baadaye nikaanza kuongeza yangu. "Mama anauliza kama analala usiku." Mama hakuwa ameuliza, lakini hakunikanusha. Shemeji aliyapita malori mawili ya shaba kabla ya kujibu.

"Analala kidogo."

"Juu ya nini kidogo?" nikamwuliza sababu.

"Ni mama anauliza, ao ni weye?"

Nyuma nikasikia mama akiufunga na kuufungua tena mfuko aliokuwa ameupakata. Ndani mlikuwa na kofia aliyoifuma, vitenge vya kubebea, na sabuni ya mtoto. Hakuuachia tangu nyumbani, hata tulipoteremka Kasumbalesa, mpakani, kunawa mikono kwenye ndoo yenye bomba, huku msichana mwenye kipaza sauti akituamuru tuachane mita moja.

"Ile mètre yao," mama alisema chini ya barakoa, "siye na bakwe zetu tuliijua zamani."

Nilicheka. Dereva wa lori aliyekuwa nyuma yetu alicheka. Shemeji, mtu wa kuchekea hata mvua, alitazama viatu vyake.

Upande wa Kongo tulipita bila maneno mengi: kipima joto kwenye paji la uso, cheti, haya endeni. Upande wa pili kulikuwa na hema, na ndani yake mama mmoja wa afya mwenye kinga ya plastiki usoni. Alichanganya Kibemba na Kiswahili. Akamnyooshea mama yangu kalamu.

"Huyu ni nani?"

"Ni mama," shemeji alisema, uso ameugeuzia upande wa malori.

"Mama yako?"

"Mama ya kwetu."

"Jina lake?"

Jina la mama mkwe halitamkwi. Nilijua, lakini nilitaka nione atafanyaje.

"Unabeba muntu haujue jina yake? Hata kumwangalia haumwangalie?"

"Amemwiba!" dereva yule wa lori akapaza sauti. "Fungeni huyu!"

Wiki zile kulikuwa na watu waliojaza wageni ndani ya magari na kuwaita ndugu. Yule mama alisimama, akamzunguka shemeji, akamtazama mama yangu aliyekuwa amejitenga na kuinamisha kichwa, na vitenge vilivyochungulia kwenye mfuko. Halafu akapiga kofi moja la mikono.

"Ah! Ni mukwe. Na bibi yako anazaa." Sauti yake ilikuwa imelainika. "Mama apite. Huyu mwengine ni wa nini?"

"Ni mudogo ya bibi yangu."

"Si wa nyumba yako. Arudie."

Nilimwuliza sheria hiyo imeandikwa wapi. Nilimwuliza kwa nini mtu mmoja awe wa nyumba na mwingine asiwe, na kama ugonjwa unajua ukoo. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema mwenye maswali mengi hivi atarudi bila shida, maana njia ataiuliza.

Basi tukasimama kando ya gari, watatu. Mama angetoka pale peke yake na mkwe wake, bila mtu wa kupokea neno la huyu na kumpelekea yule. Nikamshika mkono. "Mama, usiende. Kuna kintu anatuficha."

Mama alikwenda akasimama mbele ya shemeji, karibu kuliko nilivyowahi kuwaona.

"Mukwe."

Shemeji akarudi nyuma hatua, mgongo ukagonga mlango wa gari.

"Uniangalie."

Shemeji akainua macho.

"Mutoto wangu iko muzima?"

"Iko muzima, mama."

"Na mutoto wake?"

Barakoa ya shemeji iliingia mdomoni ikatoka, ikaingia ikatoka.

"Hakubakia, mama. Ile siku ya Jumapili. Bibi yangu njo alikataza niseme. Anakataa simu juu utasikia sauti yake. Alisema, umulete tu mama."

Malori yalisogea mbele kidogo, yakasimama tena. Kisha mama akanipa ule mfuko. "Urudishe nyumbani," akasema.

"Na kama anadanganya?"

"Nitafika, nitaona. Weye rudia."

Akafungua mlango wa mbele, akakaa pale nilipokuwa nimekaa mimi, kando ya mkwe wake. Shemeji alisita, kama mtu aliyekuta kiti chake kimekaliwa, kisha akaingia. Gari likahamia upande wa kushoto wa barabara, kama wanavyoendesha kule, likapotea kati ya malori. Nilirudi Lubumbashi kwa teksi, mfuko magotini, na njia nzima sikuwa nimeamini. Kuzaa kubaya kuna namna mbili za kuisha, na shemeji alikuwa ametuambia ile iliyokuwa nyepesi.

Jioni simu iliita, namba ya Zambia nisiyoijua. Sauti ilikuwa nzito, imechoka, ingeweza kuwa ya mwanamke yeyote. Kabla sijampa pole nilimwuliza:

"Tulificha nini mu ndoo ya unga, siku ile mama alikwenda Kasenga?"

"Paka," ile sauti ikasema. "Akatoka mweupe, ba voisins bakakimbia." Halafu: "Unanipima?"

"Ndiyo."

"Na weye. Kama babale bantu ba ku mpaka." Alianza kucheka, na kicheko kikageuka, nikamwachia alie mpaka amalize. Mama nilimsikia nyuma yake akiomba maji, na shemeji akisema anayaleta.

"Mufuko iko wapi?" yaya aliuliza mwishoni.

"Iko hapa."

"Usiufungue. Uweke juu ya armoire."

Nikapanda juu ya kiti, nikauweka juu ya kabati.