Mama Miran

Guk Miran ametuimbia tangu akiwa na miaka kumi na tisa. Ufunguzi wa soko, sherehe za wazee wanaotimiza sabini, tamasha la mavuno ya vitunguu saumu: likionekana tu lile koti lake la kumetameta, hata mwenye goti bovu anainuka. Mwaka huu, Miran akiwa na arobaini na tatu, mtangazaji wa televisheni alimtania, eti ataolewa lini. Akajibu bila kupepesa macho: "Nina mwenzangu. Ni mwanamke, anaitwa Sohui. Huu ni mwaka wetu wa kumi na mbili."

Kufikia vuli hakuna aliyemwalika tena kuimba. Hilo alilitarajia. Asilolitarajia ni mama yake mzazi kupita nyumba kwa nyumba akituomba tusimwite tena Mama Miran. "Niiteni Mama Gitae," alisema. Gitae ni mwanawe wa pili. Tukakubali, nami nikiwamo, tena tukajiona wema. Wanafiki wakubwa sisi.

Ikafika siku ya kutengeneza kimchi, ile kabichi ya kuchachushwa kwa chumvi na pilipili, ya majira ya baridi. Wanawake wa mtaa tulikusanyika uani kwa mama huyo, kabichi mia na hamsini zikitungoja. Miran akaja kama kila mwaka, na glavu zake nyekundu. Kila tulipoita "Mama Gitae, lete chumvi," nilimwona Miran akiinamia beseni lake. Alibeba mabeseni mazito peke yake, akapaka pilipili jani kwa jani, mpaka nikaona haya kwa niaba ya mtaa mzima.

Mama Duho, ambaye mdomo wake hauna breki, akauliza: "Mama Gitae, kibarua huyu umemtoa wapi? Anawashinda wake za wanetu wote."

Wengine wakacheka. Miran aliinama zaidi, na machozi yakadondokea kwenye beseni.

Mama yake akavua glavu. Akakunja kipande cha nyama ya nguruwe aliyotuchemshia ndani ya jani la kabichi, akamlisha binti yake kwa mkono, mbele yetu sote.

"Mama Gitae, na sisi je?" akaita Mama Duho.

Hakugeuka. Akaitwa tena, kwa sauti zaidi. Alikuwa akikunja jani la pili.

Ikabidi niite mimi. "Mama Miran."

"Abee," akaitika.