Jogoo Niliyeapa Kutomla

Vyama vingi viliporuhusiwa, nilirudi Kakamega kutoka chuoni nikiwa nimeapa kutomla jogoo tena, kwa kuwa ndiye aliyekuwa nembo ya chama tawala. Kiapo hicho nilikuwa nimekichora katika katuni nilizotumia kusimulia maisha yangu: mimi, kidevu juu, nikisukuma sahani.

Shangazi yangu hakuwa na habari. Alimchinja jogoo wake wa pekee, akasonga obusuma, yaani ugali wetu, akaniwekea firigisi, ambayo kwetu hupewa mgeni wa heshima. Kuikataa ni kuikataa nyumba yenyewe. Nilimweleza msimamo wangu kwa upole, na kwa kirefu.

“Mwanangu,” akasema, “wewe umempinga kwa kalamu. Mimi nimemkata shingo. Sasa mpinzani hapa ni nani?”

Binamu zangu waliangua kicheko, wakaninyooshea vidole viwili, ile saluti ya upinzani. “Kula, mheshimiwa, kabla hajafufuka akashinda kura!”

Nilikula. Firigisi ilikuwa tamu kuliko msimamo wowote niliowahi kuuchukua.

Kesho yake niliichora upya picha ile: kidevu kimeshuka, mashavu yamejaa. Katika katuni zangu zote za mapambano, ni hiyo tu iliyofanana nami.