Siagi kwenye Nyayo za Mama

Mama alianza kwa kulalamika kwamba mabuti yake yanaingiza maji. Hayakuwa na tundu lolote. Nilijua, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nikiyaosha. Majuma machache kabla tumbo lilikuwa limemwendesha, likapona, sote tukalisahau. Sasa nyayo zake zilikuwa zimekufa ganzi, kisha vidole vya mikono vikafuata. Akawa anachuna majani chai na kuyaangusha, yeye ambaye upande wetu wa Silibwet hakuwa na mpinzani kwa kuchuna. Asubuhi moja miguu ikakataa kabisa kusimama, na Baba akamwomba jirani mwenye pikapu atupeleke hospitali ya misheni.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nangoja matokeo, kwa hiyo kazi ya kumuuguza ikawa yangu. Daktari alisema udhaifu huo hupanda, na ukifika kifuani, kupumua kutakuwa taabu. Ulipanda hadi kiunoni, ukasimama hapo. Nilimshukuru Mungu kwa sauti, wodi nzima ikanisikia, wala sikuona haya.

Baadaye daktari alituketisha mimi na Baba. Alichukua penseli akaizungushia bendeji, mzunguko juu ya mzunguko. Penseli ni neva, alisema, na bendeji ni ala yake. Ala hiyo ni tabaka jembamba lililojikunja mara nyingi, na sehemu yake kubwa ni mafuta. Bila hiyo, habari za mguu zinachelewa kufika kichwani, au hazifiki kabisa. Lakini mafuta peke yake hayawezi kukaa yamebanana hivyo. Katikati kuna protini. Uso wa mafuta una chaji hasi, protini ina chaji chanya, basi vinavutana na kukazana mpaka hata maji yanakosa nafasi. Kinga ya mwili wa Mama, ikiwinda vijidudu vya lile tumbo, ilikuwa imeidhania ala ni adui na kuichanachana.

"Mwili unajua kuijenga tena," akasema. "Lakini ni kazi ya miezi, na si wote wanaorudi sawasawa."

Baba aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa yote. Alichoondoka nacho ni neno moja tu, mafuta.

Kwetu mwanamume hashiki kibuyu. Mursik, maziwa yanayogandishwa kibuyuni, na siagi ni mambo ya wanawake, na baba yangu alikuwa wa kukaa sebuleni akingoja kuletewa. Mama aliporudi nyumbani, nilimkuta Baba jikoni, kibuyu mapajani, anasukasuka maziwa huku jasho linamtoka. Majirani wakaanza kuja kuomba chumvi, na chumvi walikuwa nayo. Baba akajifanya hamnazo. Siagi ikaingia kwenye uji, kwenye ugali, kwenye mboga, hata kwenye chai.

"Mzee, unaninenepesha unichinje?" Mama akamuuliza.

"Wewe kula. Daktari alisema ni mafuta yameisha."

Tuliporudi kliniki, daktari alicheka kwa upole. Siagi haitoki tumboni ikaenda kujibandika kwenye neva, alisema. Mwili hutengeneza mafuta yake na protini zake, ukaviunganisha hukohuko. Mama ale vizuri, mayai, maharagwe, maziwa, na anyooshwe viungo kila siku.

"Na ya kupaka?" Baba akauliza. "Hiyo nayo haiingii?"

"Haiingii, mzee."

Baba akasema asante sana. Jioni hiyo akaipaka.

Nilikasirika, sifichi. Nilimwambia, kwa heshima lakini bila kupunguza, kwamba daktari amekataa na yeye amesikia kwa masikio yake.

"Kwani siagi imekukosea nini?" akanijibu, na mazungumzo yakaishia hapo.

Huyu alikuwa mtu ambaye hatukuwahi kumwona akigusa hata mkono wa Mama mbele yetu. Sasa kila jioni, akishakama ng'ombe, alivuta kigoda, akaweka miguu ya mkewe mapajani, akasugua. "Unasikia?" "Sisikii." Akaendelea kusugua. Mikono ya Mama ilianza kurudi polepole, akaweza kushika kikombe, lakini nyayo zilikuwa kimya. Siku moja nikimvalisha soksi aliniambia anaogopa atakuwa mtu wa kubebwa mpaka afe. Baba naye akafika mahali akaacha kuuliza. Alisugua tu, na mimi nikaacha kumkosoa, kwa sababu kile kimya chake kilinichoma kuliko ubishi wote.

Ilikuwa msimu wa baridi, ukungu umelala juu ya majani chai tangu mchana. Baba alikuwa ametoka kuosha kopo la maziwa kwa maji ya mtoni. Aliketi, akachota siagi iliyoganda, akashika unyayo wa kushoto. Mama akauvuta.

"Mzee, mikono yako ni baridi."

Baba alibaki ameinua mikono. Kisha akagusa unyayo wa kulia, kwa ncha ya kidole.

"Na huu?"

"Huo pia. Ni baridi, nimekwambia."

Aliweka bakuli chini, akajifunika uso kwa mikono ile ile yenye siagi, akalia mbele yetu. Mama akanigeukia.

"Mletee baba yako maji moto," akasema. "Anawe, aje amalizie."