Mtani Aliyevaa Kanga ya Mama

Wiki iliyopita nilipita Mabibo, mtaa niliokulia, na harufu ya ndizi mbivu za sokoni ikanipokea kabla sijaiona nyumba yetu. Ya jirani haipo tena. Pamesimama ghorofa la wapangaji, wanafunzi wa chuo, nguo zao zimeanikwa hadi juu. Nilisimama pale, rafiki yangu, nikamshukuru moyoni mwanamke ambaye niliwahi kumchukia kwa dakika tano nzima.

Nilikuwa na miaka kumi na minne mama alipofariki. Siku tatu za matanga sikulia wala kusema neno. Nilidhani nikifungua kinywa, sauti yake iliyokuwa bado masikioni mwangu itatoka, ipotee. Bibi alinisogezea wali na maharage ya msibani, akabembeleza wee, nikabana meno.

Sie ni Wangoni, mwanamke yule jirani alikuwa Mhehe, watani tangu enzi za mababu, na mtani msibani ana ruhusa ya kutania hata wafiwa, ambayo hata padri hana. Siku ya tatu jirani alitoka chumbani kajifunga kanga ya mama, kashika kiuno, akanijia pale mkekani.

"We binti, sufuria umeisugua au umeitazama tu? Unangoja ijioshe yenyewe?"

Akina mama wakaangua kicheko. Mie nikawaka.

"Mama haongei hivyo."

Ua mzima ukanigeukia. Sauti yangu ilikuwa imekauka, inakwaruza.

"Anaongeaje, basi? Nyie Wangoni hata kuiga hamjui. Simama tuone."

Nikasimama. Nikamvua ile kanga, nikajifunga mwenyewe, nikainamisha kichwa kushoto kama mama, nikayavuta maneno kama yeye: "Mwanangu eee, wewe na hiyo sufuria, nani atamzika mwenzie?"

Bibi akacheka hadi akashika mbavu. Kisha nikasikia mtu analia kwa sauti kubwa, kumbe ni mimi. Jirani akanikumbatia mpaka nikatulia.

"Haya. Sasa kula, Mngoni, maharage yanapoa."

Nilikula sahani mbili. Jumatatu nikarudi shule.

Siku hizi misiba ya mtaani ina mshereheshaji na ratiba, na mtani akifika hukaa kimya kwenye kiti cha plastiki kama mgeni yeyote. Jirani alirudi kwao Iringa kabla sijapata akili ya kumwambia asante. Na nikiri jambo moja: sauti yenyewe ya mama imenitoka, miaka imeichukua. Ninayoisikia ni ile niliyoiiga siku ile mbele ya watu. Inanitosha.